Kura kwa Mguu wa Baba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ukungu mpaka saa nne. Baridi ya kukata masikio. Chapisho langu la arobaini na moja, na bado hakuna mteuzi aliyeligusa!

Nieleze, japo hakuna anayesoma humu. Mimi ni Modest Tluway wa Rhotia, Karatu, miaka thelathini na sita, niliyekaribia kuwa mwongoza watalii, nikakaribia kuwa dalali wa vitunguu Mang'ola, na sasa ni mwandishi kwenye mtandao wa kijamii wa blokcheni. Huko ukiandika kitu kizuri unatuzwa tokeni, sarafu za mtandaoni zinazouzika. Lakini nani anaamua kwamba ni kizuri? Hapo ndipo uchungu ulipo. Kila mtu ana kura, ila kura ya mtu kama mimi haina uzito, ni sawa na kutema mate bwawani. Kura nzito ni za wateuzi. Mteuzi wetu huku ni dada mmoja wa Loliondo, anaitwa Nareyu. Ana kura nzito kumi tu kwa siku. Akizidisha zinaishiwa nguvu, inabidi angoje zijae tena. Na chapisho lina siku saba za kutuzwa. Zikipita, limebaki humo milele, halifutiki, halilipi.

Leo kura yake nzito kuliko zote imekwenda kwa Supeet. Supeet! Mfugaji wa Kakesio! Kaandika nini? Kwamba ana mbuzi kipofu anayefuata kengele ya mwenzake hadi kisimani. Basi. Hakuna utangulizi wala hitimisho. Nimesoma mara tatu kutafuta ujanja wake. Sikuuona.

Baba alijikata mguu Ijumaa kwa waya wa seng'enge. Kwa kuwa ana sukari, dada Evarista alipokuja jana alihangaika sana. Amerudi kazini kwake, loji moja juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kaniachia nauli na agizo: kesho asubuhi hospitali, bila kukosa. Nikasema sawa.

Jumanne, 3 Juni

Nareyu kaniandikia! Mimi binafsi! Kuhusu chapisho la arobaini na moja, lile la simba. Kasema simba yule si wa Ngorongoro, kwa sababu nyuma yake kuna ukuta wa zege na mtu anauza aiskrimu. Sikuwa nimemwona mtu wa aiskrimu. Kasema pia maandishi yale yametungwa na mashine, maana hakuna mtu wa Karatu anayeita kreta "hazina isiyomithilika ya sayari yetu".

Halafu akaniambia kwa upole namna wanavyochagua. Picha iwe yako. Maneno yawe yako. Usinakili. Jibu wanaokuandikia, soma na ya wenzako. Na zaidi ya yote, andika kile ambacho wewe peke yako unaweza kukiona pale ulipo.

Nikaangalia pale nilipo. Kuku. Jerikeni. Baba kwenye kigoda, amenyoosha mguu juani, amevaa koti, anangoja twende hospitali.

Mguu!

Nikamwomba asiondoke kwenye mwanga. Jeraha limefungua mdomo juu ya kifundo, kingo nyekundu, katikati njano. Picha kumi na nne. Baba akauliza picha za nini. Nikamwambia za daktari. Nikakaa kuandika, maneno yakaja yenyewe, sijawahi kuona. "Mguu wa Baba, Sehemu ya Kwanza." Nilipoinua kichwa ilikuwa saa tisa, na Noah za abiria za kwenda mjini zimepungua. Nikamwambia baba gari limeharibika, tutakwenda kesho. Akavua koti, akalikunja.

Jumatano, 4 Juni

Nimetuzwa! Nimetuzwa! Kura nzito ya Nareyu! Na nyuma yake msururu wa watu wanaompigia kura kila anayempigia yeye, hata hawasomi. Nimepiga kelele mpaka Mama Sabina, jirani yetu, akaja mbio akidhani baba amefariki.

Nareyu ameandika chini yake: "Nimesoma nikamwona mzee huyu. Tunasubiri kujua anaendeleaje."

Wanasubiri! Sasa nifikirie kama mwandishi. Nikimpeleka baba hospitali leo, watamsafisha, watamfunga bandeji nyeupe. Nani atapiga kura kwa bandeji? Hadithi imekwisha sehemu ya kwanza. Wakati mguu ukiachwa siku mbili tu, tatu, utakuwa na habari.

Baba alikuwa amevaa koti tangu saa moja. Nikamwambia daktari wa miguu hayupo hadi Ijumaa. Hakubisha. Baba hajawahi kubisha na mtu aliyesoma hadi kidato cha nne.

Dada Evarista kapiga simu, mtandao ukikatika kila neno la tatu. Akauliza kama tumekwenda. Nikasema tumekwenda, wamempa vidonge. Akasema Mungu asifiwe. Nikasema amina.

Alhamisi, 5 Juni

Mguu umepanda rangi. Zambarau kuzunguka kifundo, na mstari mwekundu unapanda kwenye ugoko. Kuna harufu, ila harufu haipigiki picha, hivyo nimeitumia aya nzima. Aya nzuri mno. Sehemu ya Pili imekwenda hewani saa nne asubuhi, wakati wateuzi wengi wako macho.

Kura nyingi kuliko jana! Ila za wafuasi tu. Nareyu hajapiga. Nimeona amepita, amesoma, kaondoka kimya. Nina wasiwasi. Je, aya ya harufu ilikuwa ndefu?

Na sasa huyu Supeet. Kaja chini ya chapisho langu mimi, mbele ya watu wote, akaandika: "Ndugu yangu, mguu huo unaoza. Mpeleke leo. Usingoje kesho."

Wivu! Anajua mbuzi wake kipofu hawezi kushindana na hili. Nimemjibu kwa adabu: "Asante kwa kutembelea ukurasa wangu, endelea kufuatilia." Kujibu wanaokuandikia ni moja ya masharti.

Ijumaa, 6 Juni

Baba ana homa. Hakuvaa koti leo, hakuuliza gari. Asubuhi aliongea kwa Kiiraqw na marehemu kaka yake, juu ya ng'ombe waliouzwa kabla sijazaliwa. Nilikimbilia daftari. Nilipata karibu yote.

Mama Sabina kaleta uji. Akafunua shuka, akaangalia mguu, akaniangalia mimi. Akasema kuna pikipiki ya mwanawe hapo nje, tumpakie mzee sasa hivi. Nikamwambia homa na pikipiki haviendi pamoja, upepo utamdhuru. Nikamwomba asimame mlangoni na bakuli la uji, auelekee mwanga. Akaweka bakuli chini akaondoka. Watu wa hapa hawajui sanaa.

Mchana, jambo kubwa! Nareyu kanitumia ujumbe wa faragha. Kaniuliza jina langu halisi, jina la baba, kitongoji, nyumba iko upande gani wa barabara. Mahojiano, hapana shaka! Nimewahi kusikia kwamba mwandishi bora wa mwezi huhojiwa. Nikampa yote: njia ya Rhotia, ukipita kanisa, nyumba ya bati jekundu yenye mparachichi uliovunjika tawi. Akaniuliza tena swali moja, kama mgonjwa ameshafika hospitali. Nikamwambia tunatarajia sehemu ya tatu itajibu hilo. Hakuandika tena.

Sehemu ya Tatu nimeiweka saa kumi. Nimeipa kichwa cha ziada: "Anawaita Waliotangulia."

Jumamosi, 7 Juni

Nitaandika kwa kifupi.

Leo mnada. Saa mbili asubuhi lori la ng'ombe linalokwenda mnadani likasimama mbele ya nyumba yetu. Nikadhani wamepotea. Akashuka mzee mmoja mrefu, mwembamba, shuka nyekundu, koti la mitumba juu yake, miwani iliyofungwa kwa uzi. Viatu vya tairi vimejaa vumbi la kutoka mbali. Akauliza kama hapa ndipo kwa Tluway mwenye mguu.

Nikamwambia ndipo, na yeye ni nani.

"Supeet," akasema.

Nilimtegemea kijana! Nimegombana wiki nzima na mtu wa rika la baba! Akaeleza kwamba Nareyu alimpigia simu jana, kwa kuwa kati ya aliowajua ni yeye tu angeweza kufika. Kasafiri usiku kucha juu ya lori, kati ya ng'ombe, kutoka Kakesio, kwa sababu ya maneno yangu. Nikiri kwamba kwa dakika moja nilijisikia mwandishi mkubwa.

Hakutaka chai. Akaingia ndani, akapiga magoti, akaweka mkono kwenye paji la baba, akamwamkia kama watu waliokua pamoja. Baba akafumbua macho akauliza kama gari limepona. Supeet akageuka akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Nikamwambia asubiri kidogo, simu yangu ina chaji kidogo mno, na kubebwa kwa baba ndiyo Sehemu ya Nne yenyewe.

"Ero," akasema, kama wanavyomwita kijana kwao, "shika miguu."

Nikasema ninaishika sasa hivi, nikawasha kamera. Akamwita dereva. Wakambeba wao wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakamweka mbele ya lori kwenye kiti. Baba alikuwa mwepesi. Sikujua kama amekuwa mwepesi hivyo. Mimi nilipanda nyuma na ng'ombe. Picha zote zimetoka na mkia.

Jumatatu, 9 Juni

Wamekata. Chini kidogo ya goti.

Daktari, kijana mdogo kuliko mimi, aliniita pembeni. Akasema angeletwa Jumanne ingekuwa kusafisha na dawa tu. Angeletwa hata Alhamisi, pengine wangekata nyama iliyooza tu. Akauliza nani alikuwa naye nyumbani. Nikamwambia yupo jirani, Mama Sabina.

Dada Evarista alifika na sare ya loji bado mwilini. Alikuwa ameshasoma. Mtu wa mapokezi kwao alimwonyesha, sehemu zote tatu. Nilijiandaa kwa kofi. Hakupiga. Akachukua kiti kilichokuwa changu, akakihamishia upande wa pili wa kitanda, akakaa akinipa mgongo. Tangu saa hiyo, akitaka kitu anamwambia Supeet, ambaye bado yupo, analala kwenye benchi la nje. Supeet ndiye anayemwosha baba. Ng'ombe wake wawili aliokuwa akiwapeleka mnadani kwa lori lile hakuwauza, hakufika mnadani. Wako kwa dereva.

Jioni Nareyu ametoa tangazo mbele ya mtandao mzima. Nanakili:

"Akaunti hii haitapigiwa kura tena na timu yetu. Tunamtuza anayetuonyesha maisha yake. Huyu alituonyesha maisha ya mwingine yakiharibika, naye ameshika simu. Kura ya kwanza ilikuwa yangu. Nilisoma uandishi, sikusoma mguu. Wa kulaumiwa ni mimi pia, na tokeni za kazi yangu za mwezi huu zitakwenda kwa mzee."

Mbele ya watu wote! Nimemwandikia kwamba hilo ni kunichafulia jina, na kwamba kama ni hivyo basi azifute zile sehemu tatu. Kajibu kwamba hakuna anayeweza kuzifuta, si yeye, si mimi, si yeyote.

Nimechungulia ukurasa wa Supeet mara sita. Amekaa ndani ya hadithi hii siku tatu, ameona kukatwa kwenyewe, na hajaandika hata mstari! Chapisho la mwisho ni la mbuzi. Mtu anaacha mali namna hiyo, halafu ndiye anayependwa na wateuzi. Mimi dunia hii siielewi.

Alhamisi, 19 Juni

Baba karudi nyumbani jana. Supeet alimfikisha hadi kitandani, akamkabidhi fimbo yake mwenyewe, akaenda zake Kakesio. Dada Evarista ameacha kazi loji ili amtunze. Leo alikwenda zahanati kuchukua dawa za kufungia kidonda, tukabaki mimi na baba peke yetu.

Akaniita. Akasema wodini watu walikuwa wakimsikitikia kwa kitu nilichokiandika. Akataka nimsomee.

Nilifurahi! Miaka yote hajawahi kuniuliza ninachofanya. Nikavuta kigoda. Nikasoma Sehemu ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, polepole, kwa sauti nzuri, nikipumzika panapostahili. Kwenye aya ya harufu nilisoma mara mbili. Alisikiliza yote, mikono juu ya blanketi, pale blanketi linapolala bapa.

Nilipomaliza akaitazama simu mkononi mwangu. Kisha akasema:

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Nikamwambia ndiyo, baba, tangu Jumanne ile nilijua kila kitu, kila rangi ilivyobadilika, ndiyo maana maelezo yana nguvu kiasi kile. Asiyejua hawezi kuandika hivyo.

Akageukia ukutani. Ilimchukua muda, maana hana tena mguu wa kujisukumia. Nikamuuliza sehemu ipi imemgusa zaidi. Nikauliza kama anataka uji. Mpaka dada Evarista anarudi hajasema neno, wala kwangu wala kwake.

Sijui kakasirikia nini.

Ila kosa langu nimeligundua. Nilizitoa sehemu zile haraka mno, Nareyu akashtuka. Wateuzi wanataka utulivu, jambo dogo, kama mbuzi. Akaunti mpya imekubaliwa leo mchana, kwa jina jingine. Nimechukua picha moja tu, kutoka mlangoni, kwa mwanga wa dirisha: mgongo wa baba na ukuta. "Baba Amenyamaza, Sehemu ya Kwanza." Picha ni yangu mwenyewe, maneno ni yangu mwenyewe, sijanakili popote.

Mungu ajalie asiseme kitu kabla ya Jumapili, siku ya Sehemu ya Pili.