Kipkurui wa Majani Machungu Anatakiwa Nyumbani

Jumatatu, 2 Juni 1997
Nimeandika tangazo la redio. Mimi mwenyewe! “Kipkurui wa Johana, popote ulipo Nakuru na bendi yako Majani Machungu, unasalimiwa na baba yako, na nyanya yako bado ana nguvu, na dada yako Chepngeno, na mtoto wake hujamwona, na Adoyo mama ya Omollo, hata ng'ombe. Unatakiwa nyumbani haraka.” Miezi saba sijaona uso wa mwanangu. Chepngeno amepeleka posta ya Sotik, litumwe redioni.

Jumatano, 4 Juni
Adoyo jirani anajiita mama wa bendi. Ati ilianzia kwake, huku esteti ya chai, mwaka wa tisini na nne, Omollo wake akigonga mtungi. Na mtungi ilikuwa ya nani? Yangu! Ya maziwa! Chifu aliwafukuza kwa ule wimbo wao wa barabara kuwekwa murram, hiyo changarawe nyekundu, mwaka wa kura tu. Sasa wanajirekodia kaseti wenyewe. Wamekataa pesa ya matajiri, wamekataa ya wanasiasa. Muziki inaitwa panki. Ni kelele tu.
Nimeweka kaseti yao tena leo. Kipkurui anaita humo vile alikuwa anaita kutoka ng'ambo ya mto akiwa mdogo. Nikaitika. Jikoni, peke yangu!

Ijumaa, 6 Juni
Ole wangu. Redio imekata salamu zote! Imesoma tu: Kipkurui wa Johana, unatakiwa nyumbani haraka. Nani hajui tangazo kama hiyo ni ya kifo? Majirani wamejaa na kuni, na sukari, na machozi. Johana mume wangu akatokea na kikapu chake cha majani chai. Jirani Jerusa akaangusha sukari, akamwuliza kwani si yeye ndiye maiti.

Jumamosi, 7 Juni
Amekuja! Yeye na Omollo, nywele zimesimama kama brashi. Amekonda. Alipoona baba yake mzima akalia, halafu akawaka. Wameacha shoo kubwa ya wanafunzi, ya kwanza kupewa jukwaa la maana. Nikamwambia kula kwanza. Akala ugali sahani mbili. Akaniambia mama, siku moja tangazo itakuwa ya ukweli na mimi sitakuja. Nikaapa sitarudia. Ameenda kabla ya chai ya saa kumi.

Jumapili, 8 Juni
Sahani yake sijaosha. Mahubiri sikusikia.
Lakini niliapa juu ya redio. Barua sikuitaja! Nimeandikia bendi: kanisa letu linafungua jumba mpya tarehe ishirini na nane, tunataka Majani Machungu peke yao, na jukwaa iko. Jumba haiko. Kuna msingi na mbuzi. Adoyo ametia sahihi kama katibu wa kanisa. Chini nimeongeza: Kipkurui mwanangu, jibu upesi, hata mstari mmoja.