Kuku wa Saido Wako Edani

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Siku ya ishirini na sita bila yai. Kuku watatu, mayai sifuri! Marehemu mke wangu Saido alikuwa akitoka nyuma ya nyumba asubuhi na kurudi na mawili ndani ya kofia yangu. Kofia yangu nzuri. Siku hizi iko safi, na sifurahi.

Binti yetu Ifrah alipita akitoka kazini Edgbaston, huku huku ughaibuni. Akanikuta bandani na nguo za kulala, nazungumza na kuku aitwaye Halima. (Saido alimpa jina la dada yangu, kwa sababu ya mwendo.) Ifrah akanigombeza kwa Kiingereza: Aabo (yaani baba, hilo tu kwa Kisomali) atapata nimonia kwa ajili ya kuku wavivu! Jumapili pasipokuwa na yai, anawapeleka kwa rafiki yake Nilam, mtaa wa Great Barr. Nikasema sawa.

Si sawa hata kidogo. Nikiwaita kama Saido alivyowaita, wanakuja mbio. Wakienda, nitamwita nani?

Jumanne, 12 Novemba

Jirani Kuldip, mzaliwa wa Kisumu, ameinua yai juu ya ua. Bado lina joto, akasema, gusa Mzee Sahal, gusa. Sikugusa. (Niligusa.)

Siri yake ni taa. Eti siku zikifupika kuku hufunga kazi, kwa hiyo huwawashia taa kabla ya alfajiri, wapate mwanga wa kutosha. Upuuzi! Mama yangu alifuga kuku Isiolo miaka thelathini bila swichi. Kuldip akajibu kwamba Isiolo iko karibu na ikweta, mzee, huko jua halichukui likizo.

Nikamweleza ukweli. Saido alifariki tarehe 28 Julai, na kuku wako edani, ingawa walichelewa kuelewa na wakataga hadi Oktoba. Miezi minne na siku kumi, kama mjane yeyote. Kuldip akauliza tangu lini kuku akawa mjane wa mwanamke. Alicheka hadi kilemba kikatikisika.

Acha acheke. Tatizo ni moja: eda inaisha Desemba, na Ifrah anakuja Jumapili.

Alhamisi, 14 Novemba

Mpango! Kuwaliwaza wafiwa. Simu yangu ina jumbe kumi na moja za sauti ya Saido. Nikafunga spika bandani, nikabonyeza mojawapo bila kuchagua. Saido akautangazia mtaa mzima: "Sahal, umesahau maziwa tena! Afadhali ningemtuma kuku!"

Halima aliinua kichwa. Yai, hakuna.

Nilirudia mara nne. Jioni Kuldip akabisha hodi na lita mbili za maziwa. Akasema mama akishasema, kasema. Akaenda zake.

Jumamosi, 16 Novemba

Mpango mkubwa! Nimenunua mayai sita dukani, rangi ileile. Kasoro: kila yai limepigwa muhuri mwekundu. Sabuni, hautoki. Siki, unapauka tu. Nikayatia kwenye maji ya moto yenye siki, moto mdogo. Hapo Halima (dada, si kuku) akapiga simu kutoka Isiolo, na Halima hajui simu fupi. Niliporudi jikoni sufuria ilikuwa inatokota.

Lakini mihuri imetoka! Kwa nje yai ni yai. Nani atajua?

Jumapili, 17 Novemba

Ifrah akachungulia kiotani. Mayai matatu! Akanikumbatia. Kisha, na hili sikulitarajia, akasema ananikaangia. Akagonga yai kwenye ukingo wa kikaango. Akagonga tena. Akalimenya. Likakaa mkononi mwake, jeupe, gumu, linatutazama.

Nikasema Halima hulalia kwa bidii sana.

Ifrah alicheka hadi akakaa sakafuni. Sijamsikia akicheka tangu Julai. Kisha akalia. Nikakaa naye chini, tukayala kwa chumvi.

Akasema kuku watabaki, kwa masharti: taa ya Kuldip ifungwe bandani leo leo, na nguo za kulala zisitoke nje. Kuldip aliifunga huku akipiga mluzi. Mtu hana haya.

Jumapili, 8 Desemba

YAI! La Halima! Miezi minne na siku kumi kamili. Nilisema, au sikusema?

Kuldip anajipongeza kule uani, eti wiki tatu za taa, eti sayansi. Sikumbishia. Ana moyo mzuri, ila hajui mambo ya kuku. Taa nimeing'oa bandani, nikamrudishia na shukrani. Kazi yake imekwisha, kama iliwahi kuwa na kazi.

Tena nimeagiza vifaranga kumi na wawili. Watafika Jumanne. Ifrah bado sijamwambia. Natarajia mayai kufikia Mwaka Mpya. Kuldip akashika kichwa, akauliza watapata wapi joto na mwanga katika baridi hii, jamani.

Nikamtuliza. Vifaranga hawa hawajafiwa na mtu. Watakuwa na sababu gani ya kugoma?