Erika za Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amehama. Hajahama nyumba, bado analala kwetu chumba cha uani. Amehamisha kiti. Tangu alipopasuliwa macho, kiti chake kilikuwa barazani kwangu, ubavuni mwa cherehani. Mimi nashona, yeye anasimulia. Leo kakibeba mwenyewe hadi kwa wifi yangu, nyumba ya pili, akatazame erika. Erika! Vijiti vifupi vinavyopenda baridi yetu hii, majani kama sindano, vimaua vya zambarau vidogo kama punje za mtama. Anasema vinampumzisha macho. Kwani mimi nilikuwa nayachosha?
Gauni la mteja nimelishona zipu kichwa chini.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa wifi kuomba chumvi. Nia yangu ilikuwa kung'oa mche akigeuka. Hakugeuka. Aliniona ninavyokodoa macho, akauliza kama nautaka, akanipa mitatu na udongo wake. Roho iliniuma. Mtu akikupa kwa moyo mweupe, utamwibia nini tena?
Masharti yakafuata: udongo uwe mchachu usiotuamisha maji, nimwagilie maji ya mvua, nisitie mbolea ya kuku, majivu ndiyo kabisa nisithubutu. Nikaitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi. Mmea gani unakataa mbolea? Anataka yangu idumae. Chumvi nimekula nyingi, hata kabla ya hii niliyoomba kwake.
Nimetia mbolea ya kuku ndoo nzima. Juu yake majivu ya jikoni.

Jumanne, 11 Machi
Mche wa kwanza umekuwa kahawia. Wa pili unaufuata. Wa tatu ulikuwa wa kwanza kufa, ila sikutaka kuamini. Mume wangu kauliza kwa nini nimepanda mifagio. Nimemnunia mpaka chakula cha jioni.
Mama mkwe naye alipita, akainama, akasema hapa pananuka banda la kuku. Kisha huyoo, kwa binti yake.

Alhamisi, 13 Machi
Mungu hamtupi mja wake. Wifi anasafiri, binti yake kajifungua. Kaniomba mimi nimwangalizie bustani! Maua yameanza kukauka, akanieleza nipunguze ncha tu, pale maua yalipokuwa. Nisifike kwenye shina kavu, maana erika ikikatwa hapo haichipui tena.
Haichipui tena. Kayasema kwa kinywa chake mwenyewe.
Nimenoa mkasi wa vitambaa.

Jumamosi, 15 Machi
Niliwahi asubuhi nikidhani bustani tupu. Kumbe mama mkwe keshakaa, na miwani yake myeusi. Akasema nikate tu, yeye atanitazama. Nikapeleka mkasi chini kwenye shina. Akakohoa. Nikaupandisha, akanyamaza. Nikaushusha, akakohoa tena. Basi nikaishia kwenye ncha, kichaka baada ya kichaka, huku akinisimulia siku aliyoolewa, jinsi bwana harusi alivyokuja na viatu vya kuazima vikambana hadi akavivua mbele ya wakwe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimezikosa sana simulizi zake.
Tulipomaliza aliniambia, "Mwanangu, unajua nilihama kwa nini? Ile cherehani. Tangu wanipasue, mlio wake unanigonga kichwani. Sikutaka kukukatiza kazi. Nilidhani utanifuata huku."
Nikamshika mkono, nikamrudisha nyumbani polepole. Erika zote nzima.

Jumamosi, 12 Aprili
Wifi karudi. Erika zimechipua, zimenenepa kama mito ya kitandani. Kanishika mikono yote miwili, akasema hajaona mtu mwenye mkono wa baraka kama wangu. Cherehani nimeihamishia chumbani. Kila jioni tunakaa watatu kwa wifi, chai na soga. Nimejiapiza: wivu basi. Tena wivu wa nini, mtu mzima mimi?
Jioni hii wifi akatuambia kwamba maua yakirudi ataweka mzinga, kwani nyuki huyapenda mno. Mama mkwe akasema asali ya nyumbani ni dawa, akatabasamu. Akamtabasamia yeye. Mimi nilikuwa papo hapo, nimeshika birika, akamtabasamia yeye.
Chai nikaiacha. Nimekwenda moja kwa moja kwa seremala, nimeagiza mizinga miwili, mikubwa. Nitaiweka chini ya dirisha la chumbani, niisikie ikivuma. Seremala kauliza kama nimewahi kufuga nyuki, akaanza kunieleza habari za moshi, sijui na nguo za kujifunika uso. Nimemwambia kazi yake ni misumari.
Wadudu tu wale. Watanifanya nini?