Ombi la Kuziba Tundu la Urithi

Kwa Mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale,

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu kutoka shule yetu ya chumba kimoja, ambayo siku hizi ni yenu. Mlipotuandikia kwamba wataalamu wanakuja kukagua hali ya jengo, kamati ya shule ilifurahi sana, ikaliandaa jengo kwa ajili ya ugeni huo. Walikuja wawili, bwana mrefu mwenye kamera na mama mwenye miwani. Walizunguka, wakapiga picha, na yule mama akatokwa na machozi pale mlangoni. Baadaye kikaja kibao cha chuma: jengo ni urithi wa taifa, ni marufuku kuongeza, kupunguza wala kukarabati. Tunashukuru. Hata hivyo, kwa heshima na taadhima, ninayo malalamiko.

1. Tundu la paa. Liko juu ya madawati ya darasa la saba, na mbuzi anapita bila kujikunja. Yule mama alisimama chini yake akasema mwanga ule umekuwa ukishuka hapo kwa vizazi. Mvua nayo inashuka hapo hapo. Ikinyesha, darasa la saba wanahamia kwa darasa la tatu, na kwa kuwa mwalimu ni mimi peke yangu na sauti yangu ni moja, wote wanasoma la tatu. Mtihani wao wa mwisho ni mwezi ujao, na mawingu yameanza kujikusanya. Fundi tunaye na ngazi anayo, lakini kila akija akikiona kibao anarudi nyumbani.

2. Ubao. Mmeagiza ubaki kama ulivyokutwa. Ndugu Mkuu, ulikutwa na hesabu ya mtoto wa fundi cherehani: saba mara nane ni hamsini na nne. Nilikuwa nimeinua mkono nimsahihishe, wageni wakabisha hodi. Sasa jibu hilo limefunikwa kwa kioo. Nikiwaambia watoto ni hamsini na sita wananionea huruma, kwa sababu langu ni la mdomoni tu, na lake limewekewa kioo na serikali.

3. Picha yenu inamwonyesha msichana wa darasa la tano akiwa amelala juu ya daftari. Siku ile alikuwa na homa. Sasa watalii wakija wanamuulizia yule anayelala, na mlinzi mliyemleta ananiomba nimlaze. Huyu ndiye mwerevu kuliko wote nilionao. Mama yake alikuja kuniuliza, kwa upole wa kutisha, kama usingizi nao utapewa alama kwenye ripoti.

4. Mimi mwenyewe. Katika maelezo yenu ya vitu vya asili, baada ya kengele na kabla ya madirisha, pameandikwa "mwalimu mmoja". Kwa hiyo ombi langu la mwalimu wa pili limekataliwa, kwamba ataharibu uhalisia. Nimekubali. Ila nina jino la nyuma linaloninyima raha, na kibao kinakataza kupunguza. Naomba kibali cha kuling'oa, au mlete mtaalamu alihifadhi likiwa mahali pake. Mke wangu anauliza kama kunipa dawa ya maumivu kunahesabiwa kuwa ni ukarabati.

Ndugu Mkuu, nalipenda jengo hili. Nilijifunza kusoma humu humu, nikiwa nimekaa pale dirishani, na sijui urithi wake mwingine zaidi ya kwamba mtoto anaingia hajui kusoma na anatoka anajua. Darasa la saba wakifeli kwa ajili ya tundu, nitaumia kuliko ninavyoumwa na jino. Mengine nitavumilia, hata hamsini na nne. Naomba jambo moja tu: paa lizibwe kabla ya mvua.

Nisalimie wote hapo ofisini, na dereva wenu ambaye gari lake tulilisukuma matopeni, na yule mama wa miwani, ambaye machozi yake yalitugusa kuliko tulivyotarajia.

Wenu katika kufundisha na kuhifadhiwa,
Mwalimu Mkuu, mwalimu wa madarasa yote na mpiga kengele

Tanbihi: Wataalamu wakija tena, tafadhali wasipitie nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kamati. Banda lake la kuku limeezekwa kwa mabati ya asili ya shule, kwa muda tu. Mlivyoandika "kukagua hali ya jengo" tulidhani ninyi ni watu wa ukarabati, tukahofia mkilikuta zima hamtatupa kitu, ndiyo maana tukalifungua kidogo jioni kabla hamjafika. Sasa nina swali la kitaalamu: mabati ya asili yakirudi mahali pake pa asili, tutakuwa tumekarabati au tumehifadhi? Jibu lisifanye haraka. Kibao tumekivika gunia, na fundi yuko juu ya paa.