Mwizi Niliyemwona Mimi Peke Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mkoba wa mama mkwe umepotea, na nimeshindwa kuficha furaha. Si furaha ya ubaya. Ni ile ya fundi anayesikia bomba limepasuka kwa jirani.

Hali yenyewe ni hii. Mama mkwe amekuja kwetu kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho, anapasuliwa Ijumaa. Siku hiyo ikimpita anarudi mwisho wa foleni, na foleni ni ya miezi. Kitambulisho chake na kadi ya hospitali vilikuwa mkobani. Bila hivyo hapokelewi. Mchana alizunguka sokoni na mke wangu, wakaingia duka hili na lile, wakarudi bila mkoba. Umeachwa wapi? Hajui. Macho yenyewe ndiyo hayo.

Jioni akaja shemeji. Kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea mageti, kipenzi cha mama yake. Akasema hilo ni jambo dogo, kesho twende polisi, tuseme mkoba umepotea, tutapewa karatasi, hospitali wataikubali. Eti basi! Akaweka kofia yake ya kijani juu ya meza yangu, akacheka kwa ule mwanya wake, na mama mkwe akamwita mwanangu mwenye akili.

Mwenye akili! Kituo kile nimekipaka rangi mimi. Kuanzia kaunta mpaka choo. Mtaa mzima unajua. Mtu akiwa na swali la polisi haendi polisi, anakuja kwangu. Juzi tu jirani mwenye mbwa aliniuliza kama anaweza kushtakiwa kwa kelele za mbwa wake. Nikamweleza kwamba kisheria anakamatwa mbwa kwanza. Mbwa analala chumbani tangu siku hiyo.

Nimemwambia shemeji asijisumbue. Nitakwenda mwenyewe. Mke wangu ameangalia dari.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwamsha mama mkwe mapema ili shemeji asituwahi. Njiani nikawaza. Kupoteza ni uzembe wa mwenye mali. Nani atainuka kwenye kiti kwa ajili ya uzembe? Lakini kuporwa! Kuporwa kunainua kituo kizima. Kwa hiyo mama mkwe ameporwa.

Nikamkalisha kwenye benchi la nje, nikamwomba aniachie maneno.

Kwenye kaunta alikuwepo afande mmoja wa kike, mpole, sauti ya chini. Akauliza kama mkoba umepotea au umeibiwa. Nikasema, afande, umeporwa, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo. Akainua uso. Nikajua nimempata.

Akauliza kama mwizi alikuwa na silaha. Nikasema nyundo. Nyundo ilinijia yenyewe. Akauliza sura yake. Hapo ndipo fundi wa rangi anapojitenga na watu wa kawaida. Wengine husema mrefu wa wastani, mweusi wa wastani. Mimi nikamchora! Mrefu. Mwanya mpana meno ya mbele. Kofia ya kijani. Anatembea ameinamia kushoto kama amebeba mtungi wa gesi. Hata harufu nilimpa: chuma kilichoungua. Afande akaniambia hajawahi kupata shahidi mwenye macho kama yangu.

Wakamwita mama mkwe naye aeleze. Akasema hakuona mtu yeyote. Nikamkumbusha afande kwamba huyu ndiye mgonjwa wa macho.

Kisha nikaomba ile karatasi ya hospitali. Hapo pakatokea kikwazo kidogo. Afande akasema ingekuwa ni kupotea tu angeniandikia palepale, na ni bure. Kwa kuwa ni uporaji wa silaha, lazima mpelelezi alishike jalada kwanza. Lini? Akasema watafanya haraka.

Karibu na nyumbani mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtu wa nyundo alinipora saa ngapi, mbona sikuhisi?" Nimemweleza kwamba wezi wa siku hizi wana mikono laini sana.

Siku nzuri kwa jumla. Mambo yanasonga.

Jumatano, 5 Machi

Polisi wamefanya kazi yao kwa kasi ya ajabu. Wamemkamata shemeji.

Askari wa doria walipita mbele ya karakana yake. Alikuwa amesimama getini, kofia kichwani, nyundo mkononi, anamchekea mteja. Hawakuuliza swali la pili.

Mke wangu aliingia analia. Akasimulia yote: kofia, mwanya, mwendo, harufu ya chuma. Halafu akaanza kunitazama polepole, kuanzia miguuni kupanda juu. Akauliza huyo mwizi alielezwa na nani. Nikakumbuka mfereji wa nyuma ya nyumba umeziba.

Nimezibua mfereji mpaka jioni. Haukuwa umeziba.

Naapa sikumkusudia. Nilifumba macho nitafute sura ya mtu mbaya, ikaja hiyo. Ningefanyaje? Ukionewa wivu na mtu miaka yote, sura yake inakaa karibu.

Wakati niko mferejini majirani walikuja na maswali, kama kawaida. Nimewajibu wote. Je, aliyekamatwa anaruhusiwa kuonwa na ndugu? Nikasema haruhusiwi. Anaweza kupelekewa chakula? Hawezi. Dhamana je? Nikasema dhamana haitolewi katikati ya wiki. Mke wangu hakunisikiliza, akaenda. Akarudi akisema amemwona kaka yake, amempelekea chakula na sweta, na dhamana wataizungumzia mpelelezi akishamaliza kuhoji mashahidi. Nadhani wamebadilisha taratibu tangu nipake rangi.

Tatizo kubwa ni Ijumaa. Mwenye gari ni shemeji. Aliyezungumza na daktari ni shemeji. Kitambulisho hakuna, karatasi hakuna. Mama mkwe amekaa pembeni ya kitanda ameshika fimbo yake. Amesema hataki tena habari ya macho, anamtaka mwanawe. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Sikula vizuri. Lakini nina mpango.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: kumtoa shemeji bila mtu yeyote kuaibika, hasa mimi.

Nikafika kaunta, afande yuleyule. Nikamwambia nimelala nikakumbuka vizuri zaidi. Mwizi alikuwa mfupi. Akauliza mfupi kiasi gani. Nikaonyesha kifuani. Kofia? Hakuvaa. Mwanya? Meno yamejaa, afande, yamebanana. Na mwendo je? Wima kama nguzo. Akaweka kalamu chini. Akasema hivyo sasa kilichobaki kwa mwizi wangu ni nyundo. Nikamwambia hata nyundo naitilia shaka.

Papo hapo akaingia fundi cherehani wa sokoni. Kabeba mkoba. Mkoba wenyewe! Alisikia sokoni kwamba yule bibi wa macho ameporwa na mwanawe amewekwa ndani, akashtuka, kwa sababu mkoba ulikuwa kwake, nyuma ya mashine. Bibi aliuweka kitini alipokuwa akipimwa gauni, wakaondoka wakauacha. Kitambulisho kimo, kadi imo, hata leso imekunjwa vilevile alivyoikunja.

Watu wote pale kaunta wakanigeukia.

Nikasema, "Afande, mwizi amejuta."

Nilidhani ni jibu zuri. Bado nadhani hivyo. Afande akaniambia niingie ndani.

Chumba cha mpelelezi nakijua, rangi ya maziwa, nimeipaka mikono miwili. Mpelelezi ni mzee mfupi mwenye miwani. Hakupiga meza. Laiti angepiga. Akasema kutoa taarifa ya uwongo ni kosa, watu hufikishwa mahakamani kwa hilo. Akasema jana askari wake walikuwa wanamtafuta mtu wa nyundo wakati dukani kwa muuza simu kulivunjwa kweli, na hapakuwa na mtu wa kumtuma. Kisha akaniuliza kama najua mtu asiye na kosa analalaje sakafuni pale. Mtaa mzima huniuliza mimi maswali. Mimi! Nimekaa naangalia ukuta wangu mwenyewe.

Nikasema yote. Sokoni sikuwepo. Mwizi hakuwepo. Nyundo haikuwepo.

Wakamleta shemeji. Shati limekunjamana, sweta la mke wangu mabegani. Mama mkwe naye alikuwa ameshafika, ameongozwa mkono na mke wangu. Mpelelezi akamuuliza shemeji kama anataka kunishtaki. Shemeji akanitazama muda mrefu. Nikaangalia viatu.

"Afande," akasema, "kesho nampeleka mama hospitali. Sina nafasi ya huyu."

Mama mkwe akaongeza kwamba mkwe wake hana ubaya, ana mdomo tu.

Mpelelezi akasema mdomo huo anautakia mapumziko kidogo. Nimepewa onyo kali, nikawekwa palepale alipolala shemeji mpaka jioni. Chumba kidogo. Kona ya kulia rangi imebanduka. Nilikumbuka niliwahi kuambiwa pale panahitaji mkono wa pili.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwenda wote. Shemeji kaendesha. Mimi nyuma na kikapu. Hakuna aliyezungumza nami, ila shemeji aliponiambia nifunge mlango vizuri. Nikaufunga vizuri sana.

Kitambulisho kikakubaliwa, kadi ikakubaliwa, mama mkwe akaingizwa ndani na kofia ya kijani kibichi ya hospitali. Rangi hiyo sasa inanitia kichefuchefu.

Tulikaa kwenye korido. Shemeji upande mmoja, mimi mwingine, mke wangu katikati kama ukuta. Nilitaka kumwambia shemeji pole. Nilianza na habari ya hali ya hewa, nikakwama hapohapo. Mwishowe nikasema, "Shemeji, ile sakafu ni baridi." Akasema, "Ni baridi." Akanipa nusu ya mkate wake. Sikutegemea. Nimeula kwa kificho kidogo, nisionekane nina machozi.

Mama mkwe akatolewa, jicho limefunikwa bandeji. Akanyoosha mkono hewani, nikaudaka kabla ya mwingine. Akauliza ni nani. Nikajitaja.

"Haya," akasema. "Shika basi. Ila usiseme kitu."

Nikashika. Sikusema kitu mpaka tulipofika kwenye gari.

Jumapili, 9 Machi

Bandeji ilitolewa jana. Mama mkwe anaona! Ameona uzi kwenye sindano. Ameona vumbi juu ya kabati, na mke wangu amelaumiwa. Ameniita dirishani penye mwanga, akanitazama kwa muda, akasema alidhani mimi ni mnene zaidi.

Shemeji amekuja kula chakula cha mchana. Tunaongea. Tunaongea habari za mageti zaidi.

Nimetafakari sana wiki hii. Mtu asiyetafakari makosa yake haendelei. Na kosa nimeliona lilipo, wazi kabisa, nashangaa hata mpelelezi na miwani yake hakulitaja.

Saa ileile nikitafakari, jirani mwenye mbwa akabisha hodi. Amepoteza simu. Pengine kwa kinyozi, pengine njiani, hajui. Anataka kujua polisi anaanzia wapi, akasema nini, na kama kweli ni bure. Nimefurahi kwamba bado watu wananiamini. Mke wangu alipiga kelele kutoka jikoni, kwamba nimwambie akaseme imepotea, basi! Nimefunga mlango wa jikoni.

Nikamweleza jirani taratibu, kama mtu aliyeyapitia. Kupotea hakumwinui mtu kwenye kiti. Aseme ameporwa. Lakini asifanye kosa nililofanya mimi, la kusema mwizi alikuwa mmoja. Mmoja anakamatika. Aseme walikuwa watatu, na walikimbia kila mtu njia yake.

Akauliza walikuwa watu wa namna gani. Nimemwambia kesho asubuhi namsindikiza, sura aniachie mimi.