Saba ya Rémy na Tano Yangu

Jumatatu, 7 Novemba 2022

Kazi imeanza kwenye kambi ya Munigi. Watu wanakimbia vita, wanashuka kutoka Rutshuru kwa maelfu, magodoro kichwani, masufuria kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao. Mama Henriette, mkubwa wetu, ametuwekea meza mbili chini ya shiti moja, turubai la plastiki: yangu na ya Rémy. Tunaandika majina ya wakimbizi, kila mmoja kwa kompyuta yake mwenyewe. Yangu niliinunua mpya mwaka jana, na asubuhi niliibeba kama mtu anayebeba mtoto wa ubatizo. Halafu nikaona kibandiko kwenye kompyuta ya Rémy. i7. Yangu imeandikwa i5.

Mchana sikula.

Jumanne, 8 Novemba

Nimemuuliza Rémy, kwa sauti ya mtu asiyejali, prosesa yake ikoje. Alinieleza kwa upole, jambo lililoniudhi. Saba yake ni ya kizazi cha nne, ya zamani, aliachiwa na shemeji yake wa mtaa wa Himbi. Tano yangu ni ya kizazi cha kumi na moja. Kizazi ndicho cha kutazama kwanza, alisema.

“Kakule, yako inapita yangu mbali sana.”

Mtu anayesifu shamba la jirani hivyo hataki uchungulie la kwake. Sijazaliwa jana.

Jumatano, 9 Novemba

Rémy alienda kunywa chai. Nikafanya jaribio. Orodha ileile ya vituo vyote, majina elfu kumi na nne, kompyuta zote mbili, saa ya simu mkononi. Yangu ilifungua kwa sekunde tisa. Yake, arobaini na moja. Tena ilinguruma, na chini ikapata moto wa kuchoma mahindi.

Nilirudia mara tatu. Vilevile.

Nimewaza sana. Mwenye akili nyingi huchelewa kujibu. Na ule mngurumo ni nguvu. Kitu dhaifu hakingurumi.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimemuomba Rémy tubadilishane. Amekataa. Amesema nitapata hasara, yeye hawezi kumuibia mwenzake. Nikaongeza kiti changu chenye mto. Akakataa. Nikaongeza nafasi yangu ya kukaa, pale ambapo shiti haivuji. Akacheka, akasema basi, kama moyo wangu umetaka. Tumehamisha mafaili yetu, tumetia sahihi kwenye karatasi mbele ya mama Henriette. Aliniuliza mara mbili kama nina homa.

Sasa nina saba. Nimefuta kibandiko kwa shati langu hadi kinang'aa.

Ijumaa, 11 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Inanivujia begani.

Mama mmoja amefika mezani kwangu, Nyirarukundo, kutoka Rugari. Risasi zilipoanza alipotezana na baba yake barabarani. Muzee Ntirenganya, anatembea na fimbo, jicho moja halioni. Siku sita hajui kama yu hai. Alisimama bila kulia. Miguu yake ilikuwa imechanwa na mawe ya volkano.

Nikaandika jina kwenye saba. Ikanguruma. Nikamwambia avumilie, hii ni mashine kubwa. Tukangoja. Kioo kikawa cheusi. Nikaiwasha upya, tukangoja tena. Rémy aliniambia kwa sauti ya chini nimtume kwake, meza ni hatua mbili tu. Nikajibu kwamba mama huyu ni wangu.

Ikazimika mara ya pili. Mama akanitazama.

“Papa, kama amekufa, uniambie tu.”

Hapo niliona aibu ya kweli. Nikanyoosha kidole kuelekea meza ya Rémy, na bado kidole kilikuwa kizito.

Rémy alimpata muzee kabla mama hajakaa. Yu hai. Yuko kwenye darasa la shule moja ya Majengo, aliandikishwa hapa Jumatatu. Mama Nyirarukundo alimshika Rémy mikono yote miwili, akamuombea baraka kwa Kinyarwanda, ndefu, mpaka watu wa mstari wakaitikia amina. Mama Henriette naye akampa Rémy mkono.

Nani alimuandika muzee Jumatatu? Mimi. Kwa kompyuta ipi? Ile ile tano. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 12 Novemba

Mama Nyirarukundo amerudi na baba yake, wanatembea polepole, muzee ameshika fimbo kwa mkono mmoja na binti kwa mwingine. Mama alinisalimu vizuri. Muzee alinitambua kwa sauti, akasema mimi ndiye niliyemuuliza jina lake bila kumpigia kelele. Ilinibidi niangalie pembeni kidogo. Kisha wakaenda kwa Rémy, wakakaa huko saa nzima.

Baada ya kazi Rémy alikuja. Alisema usiku hakulala vizuri. Watu wanaumia kwenye mstari wangu, na yeye hataki kitu kisicho haki. Aliweka tano mezani pangu, na kiti, na mto. Nirudishe tu saba, tuchane karatasi, yaishe.

Niliivuta saba karibu yangu. Mtu hafuati kitu kibovu kwa miguu yake mwenyewe, tena siku mbili tu baada ya kukiachia. Kuna jambo amegundua kuhusu saba ambalo mimi bado sijaliona.

Nimekataa. Nimemwambia nafasi kama hiyo huja mara moja. Ameondoka akitikisa kichwa, na nimefurahi, maana hatimaye nimemuona Rémy akinionea wivu.