Pikapu Yenye Milango Mizuri Kupita Kiasi

Leo nimeaibika, jamani. Si aibu ile ya kukanyaga kinyesi cha ng'ombe na viatu vya Jumapili. Nimeaibika mbele ya harusi nzima, na sehemu ya mwili wangu waliyoiona zaidi si uso.

Pikapu yangu mnaijua. Nje haina neno, rangi nilishapiga. Ndani ndiko kulikuwa balaa. Siti imepasuka, springi zinachungulia, abiria akishuka lazima ajipapase nyuma kuona kama suruali imebaki nzima. Basi jirani zangu hapa Songwa waliponiomba nimpeleke binti yao Milembe kwa wakwe zake Tinde baada ya ndoa kanisani, nikasema hapana, bibi harusi hawezi kukalia springi. Nitaigeuza hii gari iwe sebule.

Wiki nzima nimeshinda humo. Sponji nilitoa kwenye godoro la zamani. Kitambaa chekundu cha makochi nilikitafuta Mwanza mpaka soli za viatu zikaisha (siku hizi hata sabuni tunaipangia foleni, sembuse kitambaa cha makochi). Siti nikaivika. Chini nikatandika zulia. Juu nikabandika kitambaa cha bluu chenye maua. Kidirisha cha nyuma, kile kilichovunjika kioo, nikakitundikia pazia la lesi la mke wangu. (Hajajua. Naomba asijue.)

Ikabaki milango. Leo asubuhi, nikiwa uwanjani kwa kina Milembe, nikapandisha vioo hadi juu, nikang'oa makomeo ya ndani na vile vipini vya kuzungushia vioo, maana vilikuwa vinanisumbua. Nikabandika sponji, nikavuta kitambaa, nikapigilia vijisumari vyenye vichwa vya rangi ya dhahabu. Kazi safi! Hakuna kovu, hakuna tundu. Nililaza shavu mlangoni nikasikia raha.

Mke wangu akapita, akaniuliza, "Baba Sita, hivi vyuma kwenye kopo ni vya nini?"

"Masalia," nikamjibu. "Kila gari lina masalia yake."

Tukatoka kanisani. Vijana wakatufungulia milango, wakatufungia, kama viongozi vile. Mimi kwenye usukani na suruali yangu ya rangi ya maziwa, Milembe katikati na shela lake, na pembeni shangazi yake, Mama Kabula. Mama Kabula ni mtu mzima wa mwili na wa maneno. Akicheka, gari linayumba. Nyuma tumepakia godoro la bibi harusi na masufuria. Bwana harusi, Ngasa, alitangulia na gari lingine.

Hatujafika hata Shinyanga mjini, joto likatushika.

"Baba Sita, shusha kioo," akasema Mama Kabula.

Nikapeleka mkono mlangoni. Laini. Nikapandisha mkono. Laini. Nikashusha. Laini tu.

"Unapapasa nini?"

"Naangalia kitambaa kama kimeshika, mayu," nikamjibu kwa adabu, maana kwetu mayu ndiye mama.

Nikatafuta komeo. Laini! Ndipo nikakumbuka lile kopo. Jasho lililonitoka hapo halikuwa la joto.

"Kioo tukiache," nikasema. "Vumbi, mayu. Gauni jeupe."

Akaniangalia, akajifuta jasho. Nikajifariji kwamba makomeo ya nje yapo, na tukifika Tinde mtu yeyote atafungua. Nani atajua?

Tukafika. Ngoma! Vigelegele! Akina mama wamejifunga kanga, wameizunguka gari. Ngasa mwenyewe akaja mbio, akashika komeo la nje. Nilitamani kumbusu kupitia kioo. Mara baba yake, Mzee Maganga, akamdaka mkono.

"Acha! Wewe umeona wapi bibi harusi anashushwa bure? Ngoja wadai!"

Umati wote ukarudi nyuma, ukaanza kuimba na kusubiri.

Ikabidi niseme. "Mayu, milango haifunguki kwa ndani."

Mama Kabula akautazama mlango. Akanitazama mimi. Akatazama nje, ambako mama mmoja alikuwa anakuja na kuku.

"Wao wanajua?"

"Hawajui."

"Basi funga mdomo."

Kuku akainuliwa mbele ya kioo. Mama Kabula akatikisa kichwa. Zikaja kanga, doti nzima. Akatikisa kichwa. Akaletwa mbuzi, beberu mwenye ndevu kunizidi. Akatazama pembeni kama hajamwona!

"Shangazi ana roho ngumu huyu!" watu wakashangilia.

"Shangazi," Milembe akanong'ona ndani ya shela, "nitazimia kwa joto."

"Vumilia, ng'wanawane, mwanangu. Naona ndama."

Mimi nikashindwa. Nikapiga honi kuomba msaada. Wapiga ngoma wakadhani nawaunga mkono, wakaongeza kasi. Nikafungua mdomo wote kwenye kioo: "FUNGUENI!" Mzee mmoja akaniitikia, "Amina!"

Ndama akaletwa kweli, mtamba mweusi, anang'aa. Mama Kabula akainua mikono juu. Amekubali! Vigelegele vikapasua anga. Watu wakatupisha tushuke.

Hatukushuka.

Ngoma ikanyamaza. Mama Kabula anatabasamu, meno nje, anasema bila kusogeza midomo, "Sasa fanya kitu."

"Wanataka nini tena hawa?" Mzee Maganga akafoka. "Na mama yake ndama? Hii ni dharau! Mrudisheni zizini!" Akaanza kumvuta kamba. Ngasa kasimama kama ameambiwa ndoa imekwisha. Milembe akaanza kulia.

Hapo ndipo nilipopata wazo. (Mawazo yangu, mnayajua.) Kidirisha cha nyuma! Nikapanda juu ya siti, nikasukuma pazia, nikapitisha kichwa. Mabega yakapita. Tumbo likakataa. Mbele nimebanwa na godoro, nyuma siwezi kurudi. Nikapiga kelele, kelele zote zikaingia kwenye godoro. Nikirusha mguu, unatua kwenye honi. Pwaaa! Pwaaa!

Na upande wa kioo cha mbele, jamani, Tinde yote inaangalia makalio yangu. Kile kitambaa changu chekundu kilikuwa kimechuja rangi kwa jasho, suruali ikainywa yote.

"Mungu wangu, dereva anatoka damu!"

Nikasikia komeo, klak. Alikuwa bibi yake Ngasa, na mkongojo wake. Amefungua mlango kwa mkono mmoja tu.

"Mbona hata haukufungwa?" akauliza. Kisha akachungulia ndani. "Komeo la huku liko wapi?"

"Muulizeni huyo," akasema Mama Kabula, akiyaonyesha makalio yangu.

Mzee Maganga alicheka mpaka akakaa chini, kamba ya ndama mkononi. Alipopata pumzi akasema, "Kumbe mlifungiwa! Hamkudai! Ndama anarudi."

"Umemtoa mbele ya watu wote, mkwe," Mama Kabula akajibu, ameshashuka, anajipepea na ile doti ya kanga. "Mimi nilikuwa nimekaa tu."

Mzee akazidi kucheka, akampa kamba. Milembe akashushwa, akachezewa ngoma mpaka ndani.

Mimi je? Walinisahau. Wameimba nyimbo tatu nikiwa dirishani, ndipo wapiga ngoma wawili wakaja na kibuyu cha samli. Wakanipaka. Mmoja akavuta miguu, mwingine akasukuma kichwa. Siongezi neno hapo.

Mzee Maganga ameniambia gari limemvutia, nimchukulie na binti yake atakapoolewa, ila nije na suruali nyeusi.

Nawasimulia ninyi tu kwa sababu ninyi ni rafiki zangu, na rafiki hacheki. Shija, hicho si kikohozi. Nayaona mabega yako.